Goma: Kabla ya kununua tele bapa, soma kwanza karatasi ya mgongoni

Juma hili sitaandika juu ya barabara wala juu ya bei ya makala. Nitaandika juu ya tele. Najua wako watakaosema mwandishi amekosa habari. Ngojeni kwanza.

Siku ya posho iliyopita nilikuwa kwa fundi mmoja upande wa Ndosho, nangoja redio yangu. Akaingia mama mmoja na kijana wake, wamebeba tele kubwa ndani ya blanketi, wote wawili wanahema. Mama huyu ni mtu wa Masisi. Alikaa kambini Bulengo, na kambi zilipovunjwa mwezi wa pili mwaka 2025 hakuweza kurudi kijijini. Sasa anakaa na watoto wanne kwa shemeji yake, katika nyumba ya mbao, mahali ambapo nguzo za umeme hazijafika. Zamu yake ya likelemba ilipofika, alichukua pesa yote akanunua betri, paneli moja ya jua na hiyo tele. Alitaka kufungua sinema ndogo uani: watoto wa avenyu walipe franka mia mbili kwa filamu, wakubwa mia tano kwa mechi. Ni kazi ya halali, na haidai kushinda soko zima na beseni kichwani.

Mechi ya kwanza ilianza vizuri. Watu ishirini na zaidi walikuwa kwenye mabenchi. Kipindi cha pili, dakika za mwisho mwisho, tele ikazima. Betri imekwisha. Watu wakadai pesa yao, akawarudishia. Kesho yake jua lilikuwa dogo, betri haikujaa. Kesho kutwa tele iliwaka nusu saa tu.

Fundi aliigeuza tele, akasoma karatasi iliyobandikwa mgongoni, akauliza: « Mama, nani alikuuzia hii? »

« Kijana mmoja sokoni. Aliniambia ni ekra plati kama zingine. »

« Ni ekra plati kweli. Lakini hii ni plasma. »

« Plasma ni ugonjwa? »

Sisi tuliokuwa tumekaa tulicheka. Fundi hakucheka. Alimwonyesha namba moja kwenye ile karatasi: W 280.

Namba hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Katika masoko yetu, Birere, Virunga na hata kandokando ya barabara, kila tele isiyo na mgongo mrefu inaitwa ekra plati, na muuzaji anakutajia ukubwa na bei, basi. Inchi 32, inchi 42, inchi 50. Ukiuliza inakula umeme kiasi gani, anakutazama kama umemtukana. Lakini ndani ya jina hilo moja mna vitu tofauti kabisa, na kwa mtu anayeishi kwa betri tofauti hiyo ni sawa na ya pikipiki na lori.

Plasma ni kioo chenye vyumba vidogo sana, maelfu kwa maelfu, vyenye gesi ndani. Umeme unaichoma ile gesi, kila chumba kinatoa mwanga wake. Nisiisingizie: picha yake ni nzuri, weusi wake ni mweusi kweli, na mpira ukikimbia hauachi kivuli nyuma. Wakati wake ilikuwa tele ya watu wenye mali. Lakini ni nzito, inatoa joto kama jiko, na ya inchi 42 inakula wati 200 hadi 300. Tena ni mzee. Panasonic ilitangaza mwaka 2013 kwamba inaacha kuzitengeneza, Samsung na LG zikafuata mwaka 2014. Kwa hiyo plasma unayoiona leo imepangwa sokoni imeshapita miaka kumi, na ikiharibika, vipande vyake fundi atavitoa kwenye maiti ya plasma nyingine. Hapo ndipo bei yake ndogo inapotoka. Huko ilikotoka hawaitaki tena, na sisi tunaiona kubwa, tunafurahi.

Ya pili ni LCD ya zamani. Kioo chake hakitoi mwanga chenyewe, kinaangazwa kwa nyuma na taa nyembamba za neli, ndugu wa zile taa ndefu za ofisini. Ya inchi 32 ya aina hiyo inaweza kula wati 100 na zaidi. Ndani ya neli zile mna zebaki kidogo. Ikivunjika, msiwaachie watoto kuchezea vipande.

Ya tatu ndiyo watu wanaita LED. Kusema kweli ni LCD ileile, ila taa za nyuma zimebadilishwa, zimekuwa vile vitaa vidogo vya kisasa kama vya tochi zetu za jua. Badiliko hilo tu limeshusha ulaji: inchi 32 ni wati 30 hadi 50, inchi 24 ni wati 25 hivi. Hii ndiyo tele ya mtu wa betri. Sina la kuzungukazunguka.

Halafu kuna OLED, ambayo kila nukta ya kioo inatoa mwanga wake bila taa ya nyuma. Picha yake inapendeza sana, bei yake hapana. Tuiachie hoteli. Ila mjihadhari na jina QLED, maana wauzaji wanalitaja haraka haraka ili likufike sikioni kama OLED. QLED ni LCD yenye taa za LED na utando wa kuongeza rangi. Si mbaya, lakini usiilipie bei ya ile nyingine. Na hii « smart » wanayoisifu: bila intaneti ni tele kama tele zote. Mtu anayenunua mega za franka mia tano ili asome ujumbe wa simu hawezi kulisha tele ya intaneti.

Sasa hesabu, kwa sababu ya mama yule. Betri yake ni ya volti 12, ampea-saa 100. Ukizidisha unapata wati-saa 1200. Lakini betri hizi za asidi haifai kuzikausha. Ukizidi nusu kila siku, miezi michache zimekufa. Kwa hiyo ana kama 600 za kutumia. Tele ya wati 250, dekoda wati 12 au 15, na konvertisa (kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 220) nacho kinakula chake na kutoa joto. Gawanya: ni saa mbili, na kwa kweli hazifiki. Mechi pamoja na mapumziko inakaribia saa mbili. Mnaona kwa nini ilizima dakika za mwisho.

Kisha kuijaza. Paneli yake ni ya wati 100. Siku ya jua zuri itampa labda nusu ya kile alichotumia, siku mbili ndiyo ijae, na hali ya hewa ya Goma mnaijua: asubuhi mawingu kutoka mlimani, mchana mvua. Plasma ile ingempa mechi moja kila siku mbili tatu, mpaka betri ife.

Mweke sasa na LED ya inchi 24. Tele na dekoda pamoja ni wati 40 hivi. Saa sita za kutazama ni wati-saa 240, na paneli ileile inazirudisha siku ya pili kama jua si baya sana. Kioo ni kidogo, ndiyo. Watu watasogeza mabenchi karibu. Lakini mechi itafika mwisho, na penati pia.

Kuna hata LED ndogo zilizo na tundu la duara nyuma lililoandikwa DC 12V. Hizo zinakunywa kwenye betri moja kwa moja, bila konvertisa, na dekoda nyingi pia ni za volti 12. Angalizo moja hapa, kwa sababu nimeona tele mbili zimeungua hivyo mwaka huu: usichomeke tele kwenye paneli bila betri na regileta katikati. Paneli inayoitwa ya volti 12 ikipigwa na jua inaweza kutoa 18, hata 20 na kupita. Na angalia waya wa jumla na wa toa usibadilishane. Mwite fundi, mlipe kidogo, ni nafuu kuliko kununua tele ya pili.

Ninyi wenye umeme wa Virunga au wa SNEL msifikiri habari hii haiwahusu. Plasma ya wati 250 ikiwaka saa sita kwa siku, mwezi ukiisha imekula yuniti 45 za keshi pawa. LED ya inchi 32 haitafika 10. Nimesikia baba mmoja Katindo akigombeza watoto wake kwamba wanapiga pasi usiku, kumbe mwizi wa yuniti amekaa sebuleni na kitambaa cha maua juu yake.

Basi ukiwa sokoni ufanye nini? Kwanza, mwambie muuzaji ageuze tele. Mgongoni pana karatasi au maandishi yaliyochapwa. Tafuta herufi W. Kama W haipo, tafuta V na A, uzizidishe: volti 12 kwa ampea 2 ni wati 24. Kama karatasi imebanduliwa, jiulize aliibandua nani na kwa nini. Pili, ibebe. Plasma ya inchi 42 inadai watu wawili, LED ya ukubwa uleule kijana mmoja anaiinua. Tatu, gusa kioo taratibu kwa kidole: kioo cha LCD na LED kinabonyea kidogo na picha inatetemeka mahali pale, cha plasma ni kigumu kama dirisha. Nne, iwashwe, si dakika tano. Saa moja. Kaa hapo hata kama muuzaji anakuonyesha mgongo. Tele mbovu nyingi zinawaka vizuri zikiwa baridi, kisha zikipata joto mistari inaanza kushuka.

Na neno kwa wale ambao tele yao imezima picha lakini sauti inaendelea. Msiitupe, wala msimuuzie anayepita akikusanya vyuma. Zima taa ya nyumba, mulika kioo kwa tochi kwa karibu sana. Ukiona picha hafifu inacheza ndani, kioo ni kizima, ni taa za nyuma zimekufa. Mafundi wetu wanazibadilisha kila siku. Kioo kikipasuka, hapo ndipo mambo yamekwisha, kioo kipya bei yake inakaribia tele nzima. Pia shusheni mwanga kwenye telekomande. Dukani tele zinawekwa mwanga wote ili zivutie wapita njia. Ukiupunguza, taa zinadumu na betri inapumua.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya Ulaya haviliandiki wanapofundisha watu kuchagua tele, na kwetu ni la kwanza: itabebwa vipi siku tutakapokimbia? Tarehe 27 mwezi wa tano mwaka 2021, baada ya Nyiragongo kulipuka, walipotuamuru kuhama, niliona barabara ya Sake imejaa watu na magodoro. Nikaona baba mmoja amelaza tele yake bapa juu ya tshukudu, na juu ya tele ameweka gunia la maharagwe. Sikuwa na moyo wa kumwambia. Tele bapa haibebwi imelala. Inasimama wima, kioo kimetazama kitu laini, katikati ya magodoro mawili kama una mawili. Ndogo inaingia kwenye kitenge na kupanda mgongoni kama mtoto. Kwa hiyo mhami akiniuliza inchi ngapi, namjibu: zile unazoweza kubeba mwenyewe bila kumwacha mtoto nyuma.

Na mwizi tusimsahau. Vita vilipoingia mjini mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, maduka na nyumba nyingi viliporwa, na tele zikatembea. Ukikuta tele nzuri kwa bei isiyoeleweka, bila telekomande, bila karatasi, muuzaji hataki kukuambia anakaa wapi, kumbuka kwamba huenda unanunua ya jirani yako. Andikishaneni karatasi, majina mawili na shahidi mmoja. Haigharimu kitu.

Nirudi kwa wale wanaocheka. Nilipoeleza habari za mama huyu kwa mtu mmoja anayefanya kazi ya misaada, aliniuliza: mhami anatafuta nini na tele, si afadhali angenunua unga? Nilikasirika, na bado nimekasirika kidogo. Unga unaliwa unaisha, yeye alikuwa anatafuta kitu cha kumletea unga kila juma. Tena watoto wake wamekaa miaka wakiambiwa na redio mambo yanayowahusu bila kuyaona. Mkumbuke tarehe 7 mwezi wa pili mwaka 2024, nusu fainali ya Kombe la Afrika, Abidjan, Leopards na Côte d'Ivoire. Siku zile Sake ilikuwa inawaka na watu walikuwa wanamiminika Goma. Wimbo wa taifa ulipopigwa, wachezaji wetu walifunika midomo kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine wakaelekeza vidole viwili kichwani kama bastola. Walikuwa wanaiambia dunia kwamba watu wanauawa mashariki ya Congo na hakuna anayesema. Ishara ile haikuwa na sauti. Redio haikuweza kuileta, ilibidi mtangazaji aieleze. Tulifungwa moja bila, lakini mzee mmoja kambini aliniambia alitamani sana kuiona kwa macho yake, kwa sababu ilikuwa juu yake yeye.

Ninalolaumu, basi, si hamu ya mama. Nalaumu biashara inayomwuzia mtu wa betri kitu cha mtu wa bwawa la umeme, bila neno moja. Wauzaji wa tele hapa mjini wana chama, wana wakubwa wao. Nawaomba jambo dogo: chukueni chaki, andikeni kwenye kila kioo, pembeni mwa bei, wati ngapi. Kama mnaweza kuandika « 42 » kubwa hivyo, mnaweza kuandika na « 280 W » chini yake. Mwenye umeme wa kutosha atainunua bado, na picha itamfurahisha. Asiye nao atapita mbele bila kupoteza likelemba yake. Na vyama vya akiba mitaani, wakati wa kugawa pesa, mwacheni mmoja anayejua kusoma karatasi ya mgongoni amsindikize mwenzake sokoni. Tunasindikizana kununua ng'ombe, na ng'ombe hana namba mgongoni.

Mama yule alirudi sokoni pamoja na fundi kumtafuta kijana aliyemwuzia. Kijana alikubali kuwepo, hakukubali kurudisha pesa. Maneno yalikuwa mengi. Mwishowe fundi aliiweka plasma dukani mwake, na juzi mwenye baa moja mjini, anayetumia umeme wa Virunga, akaichukua kwa bei iliyo chini ya ile aliyotoa mama. Kwa pesa hiyo na deni kidogo kwa dada yake, mama amepata LED ya inchi 24 yenye lile tundu la duara. Konvertisa ameiuza, haihitaji tena.

Jana jioni nilipita pale uani. Walikuwa wanaangalia filamu ya zamani ya karate, watoto kumi na wawili, wengine wameketi chini kabisa mbele ya kioo. Mmoja alilalamika kwamba tele ya kwanza ilikuwa kubwa zaidi. Kijana wa mama akamjibu: « Ile ilikuwa kubwa, lakini mwisho wa filamu uliuona? »